Msanii mkazi shuleni kwetu: msanii safi, bajeti ina mchanga

Niseme mapema ili mwenye haraka aende zake: huduma hii ya kuletewa msanii akae shuleni ni nzuri, ikija kwenu ichukueni. Ila kabla mwalimu mkuu hajasaini, ombeni bajeti muisome mstari kwa mstari, maana kwetu ndiko utamu ulikopotelea.

Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali huku Ilemela. Shule siitaji, wala shirika lililotoa fedha silitaji, kwa sababu bado tunawahitaji. Kazi yao ni hii: wanamlipa msanii anayeishi kwa sanaa yake, awe mchoraji, mpiga ngoma au mchongaji, akae shuleni muhula mzima akifanya kazi na watoto pamoja na mwalimu wa somo. Sisi tuliletewa mchoraji, kijana aliyesomea TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo.

Shule yenyewe isingemuweza. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, shule zetu zikawa zinategemea ruzuku ya uendeshaji, Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na kati ya hizo Sh 4,000 ni za vitabu. Kinachobaki kigawe kwenye chaki, karatasi za mitihani na bawaba za milango ya choo, uone kama itapatikana hata brashi. Wakati huohuo mtaala ulioanza kutumika 2024 una somo la Sanaa na Michezo. Kwetu alipewa mwalimu wa hisabati, kwa kuwa vipindi vyake vilikuwa pungufu. Chuo cha Ualimu Butimba, chenye sifa ya kuandaa walimu wa sanaa na muziki, kipo hapahapa mjini, lakini wahitimu wake hupangiwa kazi popote nchini, hawabaki Mwanza kwa sababu sisi ni majirani.

Sasa msanii mwenyewe. Huyu nampa alama zote. Hakuja na mkao wa mgeni rasmi. Rangi za dukani zilipoisha aliwapeleka darasa la nne kilimani nyuma ya shule wakachimba udongo mwekundu, wakasaga mkaa, wakachukua chokaa, wakachekecha kwa kipande cha kanga na kukoroga na gundi ya mbao. Brashi walitafuna vijiti vya mswaki mpaka ncha zikawa nyuzinyuzi. Mwanangu alirudi nyumbani meno yana mkaa, nikamgombeza kwanza ndipo nikauliza.

Kilichonifanya niipende huduma hii ni ukuta wa darasa. Msanii alichora ziwa usiku, mitumbwi ya dagaa imetawanyika, kila mmoja na taa yake, na juu akaweka mwezi mpevu, mkubwa, wa kupendeza. Wazazi tuliopita tulisifia. Binti mmoja wa darasa la nne, baba yake anavua Igombe, akasimama kimya hapo kwenye ndoo ya rangi, halafu akasema: “Ticha, hawa hawapati kitu.” Akaulizwa kwa nini. “Mwezi ukiwa hivyo watu hawaendi. Dagaa hawaji kwenye taa.” Mtoto yuko sahihi kabisa. Sisi wa Mwaloni kwenye mbalamwezi ndipo mzigo unapokuwa haba na bei inapopanda. Mwingine akadakia kwamba zile taa nazo ni karabai, na baba zao siku hizi wanatumia za sola. Msanii hakubisha. Alichukua rangi ya mkaa akaufuta mwezi wote, kisha akampa yule binti brashi achore taa upya anavyozijua yeye.

Mwalimu wa hisabati alikuwepo. Wiki iliyofuata alifundisha hesabu za sehemu kwa mzunguko wa mwezi: siku ngapi za kuvua, ngapi za kupumzika. Sijui kama angefika huko kwa semina ya asubuhi moja yenye chai na maandazi. Mtu akikaa muhula mzima, watoto wanapata ujasiri wa kumsahihisha.

Twende kwenye fedha, ambako mimi macho yangu hayalali. Bajeti ilipita milioni 7, na nilipoisoma niliona ni gunia la dagaa lililotiwa mchanga ili uzito utimie. Malipo ya msanii kwa muhula mzima yalikuwa chini ya milioni 2. Uzinduzi peke yake, yaani turubai, spika, soda na posho za wageni, ulikaribia kiasi hichohicho. Fulana na bango zaidi ya milioni. Halafu kuna fungu linaloitwa ufuatiliaji na tathmini, nono kuliko rangi zote, ambalo kwa macho yangu lilikuwa gari lililokuja, likapiga picha, likaondoka kabla ya uji.

Fulana sizichukii. Mwanangu bado anaivaa yake kulalia. Lakini msanii hakuwa na hata shilingi ya maandalizi: kukaa na mwalimu kupanga kipindi, kutafuta vifaa, kusafisha. Hizo saa alizitoa bure, na hakuna aliyeziandika popote. Mwalimu wa somo naye hakuwekewa chochote cha kuendelea baada ya msanii kuondoka, hata ndoo mbili za gundi.

Awamu ya pili ya malipo ilichelewa. Maelezo yalikuwa kwamba risiti za mashine ya kodi hazijakamilika. Udongo wa kilimani una risiti ya mashine? Kijana wa watu akawa anakula kwa mwalimu wa zamu, na chumba alichopanga Pasiansi mwenye nyumba alishaanza kumpigia hodi alfajiri. Tulichangishana wazazi wachache, mimi nikatoa dagaa. Hela ilipoingia alikuwa ameshamaliza kazi na kuaga.

Kwenye kikao mzee mmoja alishauri wasanii wa namna hii wakakope Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, au waombe ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nilimjibu kwa heshima zote: shikamoo baba, mkopo unamfaa mwenye kuuza. Mwenye bendi atakata tiketi, mchonga vinyago atauza kwa watalii. Darasa la nne halikatiwi tiketi. Atarejesha na nini? Kazi ya shule inataka ruzuku, tena ya uhakika, siyo ya kuonjeshwa. Uingereza walikuwa na mpango ulioitwa Creative Partnerships, ulioanza 2002, wa kuwapeleka wasanii mashuleni kwa fedha za umma. Serikali ilipokata fedha, 2011 ukafungwa. Mwanangu wa chuo ndiye aliyenitafutia hayo mtandaoni, nikasema kumbe hata wenye nacho wanapoteana.

Jambo jingine ni nani anayeletwa. Huyu wetu simlaumu, lakini Bujora ipo pale Kisesa, mwendo wa daladala, na makumbusho yake ya Wasukuma yana watu wanaojua ngoma, kuzitengeneza na kuzicheza. Bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe, watoto wetu wanaiona kwenye sherehe za kiserikali tu. Nilipouliza kwa nini hawamo kwenye orodha ya wasanii, nikaambiwa fomu inataka cheti. Mzee anayewamba ngoma tangu ujana wake mnamdai cheti cha nani?

Kwa hiyo nyota tano kwa msanii, mbili kwa bajeti, na moja kwa yule aliyebuni utaratibu wa risiti. Mkipelekewa huduma hii, ulizeni msanii analipwa lini na nani atamlisha hela ikichelewa. Ulizeni pia mwalimu wenu anabaki na nini. Mambo ya fulana watayaleta wenyewe bila kuulizwa.

Dirisha la maombi linafunguliwa tena muhula ujao. Nimeshamwambia mwalimu mkuu uzinduzi ufanyike mstarini asubuhi, bila turubai, fungu la fulana liwe malipo ya maandalizi, na nauli ya kuwaleta wazee wa Bujora iingie. Amesema atalifikiria. Nami nimemwambia kikao cha kamati kina ajenda ya mengineyo, na mimi huwa sitoki kabla ya mengineyo.