Kamera ya sola ya usiku: kivuli cha uzioni na kile cha kitandani

Kwa mwenye haraka: kama unataka kujua nani anapita nje ya jengo lako usiku, kamera hii inunue. Kama una mtu wako anayeamka usiku na kuona mtu mweusi amesimama miguuni pa kitanda, hela hiyo itunze kwanza, halafu soma mpaka chini.

Mimi ni matroni wa bweni la wasichana mkoani Njombe. Anayeijua Njombe ya Juni na Julai hahitaji kuelezwa habari za ukungu. Unashuka jioni, na ikifika saa sita usiku mti ulio hatua chache mbele yako huuoni. Msimu huo ndipo mlinzi wetu, mzee mtulivu asiyegusa pombe, alipoanza kuniambia asubuhi, "Matroni, yule mtu alikuja tena." Mtu mrefu kuliko binadamu, mweusi tii, hana uso, anasimama upande wa uzio wenye miti ya milingoti. Mzee akisogea, naye anasogea.

Habari ikapenya bwenini, na kule ikawakuta mabinti ambao baadhi yao walikuwa tayari wanalalamika kwamba usiku kuna kivuli kinawakaba. Aliyelea mabweni anajua kinachofuata. Mmoja akipiga kelele wanapiga wote, kesho wazazi wamejaa getini, na keshokutwa anatafutwa mtoto mmoja, mara nyingi mnyonge na mkimya, asingiziwe uchawi. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi, na ndiyo sababu niliuomba uongozi wa shule tununue kamera.

Tulichukua isiyohitaji waya: ina paneli ndogo ya sola, betri yake ndani, inatumia laini ya simu ya 4G na inahifadhi video kwenye kadi. Pamoja na kadi ya GB 64 ilitugharimu shilingi laki mbili na themanini. Niliagiza duka moja la Kariakoo, mzigo ukaja kwa basi umefungwa vizuri, na muuzaji aliendelea kupokea simu zangu hata baada ya kulipwa, jambo ambalo namshukuru. Programu yake ya simuni haina Kiswahili, ila vitufe ni vichache, unavizoea.

Giza likiingia, kamera inawasha taa za infraredi, mwanga ambao macho ya binadamu karibu hayauoni, zilizozunguka lenzi, na picha inageuka nyeusi na nyeupe. Kabla ya kulipa muulize muuzaji taa hizo ni za nanomita ngapi, yaani kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga. Za 850 zinaonesha nukta nyekundu hafifu ukizitazama, lakini mwanga wake unafika mbali. Za 940 hazionekani kabisa, ila hazifiki mbali. Kwa uwanja wa shule chukua 850.

Sasa yule mtu wa uzioni. Kamera haikumuonesha hata mara moja. Kila usiku ambao mzee aliniambia kaja, video ilimuonesha mzee peke yake, amesimama, amenyanyua tochi. Nilirudia kuzitazama video hizo zikiwa zimepangwa pamoja, ndipo nikagundua jambo moja linalojirudia: kila mara palikuwa na ukungu mzito, na kila mara mzee alikuwa ameipa mgongo taa kubwa ya ulinzi, ambayo fundi aliifunga chini, usawa wa kifua, kwenye ukuta wa stoo. Usiku uliofuata wa ukungu nikaenda kusimama palepale aliposimama yeye. Jitu jeusi likasimama mbele yangu. Nikanyoosha mkono, nalo likanyoosha.

Kilikuwa kivuli changu, kimeangukia matone ya ukungu badala ya ukuta. Kwa kuwa kinashika matone ya karibu na ya mbali kwa pamoja, jicho linashindwa kupima umbali na linakiona kikubwa mno. Wajerumani wanalifahamu jambo hili tangu zamani kupitia mlima Brocken, kwenye milima ya Harz, ambako Johann Silberschlag alilieleza mwaka 1780: jua likiwa nyuma ya mpandaji na wingu likiwa mbele na chini yake, anajiona jitu. Na kwa nini kamera haikulionesha? Kwa sababu kivuli cha namna hii anakiona vizuri yule aliyesimama kwenye mstari mmoja na mwanga. Kamera ilikuwa pembeni.

Mzee hakusema uongo, wala macho yake hayajachoka. Nilimpeleka pale, tukanyoosha mikono wote wawili, akatazama kwa muda mrefu. "Basi ni mimi," akasema. Taa tumeihamishia juu ya nguzo, inamulika chini. Hajamuona tena yule mtu.

Upungufu wa kamera nao niuseme. Wiki za ukungu paneli haipati jua la kutosha, betri inashuka, na ni wiki hizo hasa ndizo unazoihitaji. Nunua yenye tundu la kuchajia kwa waya. Ukungu wenyewe unarudisha mwanga wa infraredi kwenye lenzi, na mara nyingine picha inakuwa nyeupe kama maziwa. Na kuna vitu inavitengeneza yenyewe. Utando wa buibui ukikaa mbele ya lenzi unang'aa na kupepea kama kanzu. Mdudu anayeruka karibu anatokea kama mpira wa mwanga. Mtu anayekimbia kwenye giza anavutika, mwili unakuwa mwepesi kiasi kwamba unaona ukuta ulio nyuma yake, kwa sababu kwenye mwanga hafifu kamera inaiacha kila picha wazi kwa muda mrefu, halafu inachanganya kadhaa kuondoa chenga. Mwalimu mmoja alinijia na kipande cha namna hiyo, akitaka kukirusha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Nilimuomba asikirushe. Aliyeonekana pale alikuwa mpishi wetu anawahi kuwasha moto.

Palikuwa na pendekezo la kufunga kamera ya pili ndani ya bweni. Nilikataa na nitaendelea kukataa. Mabinti wanavua na kuvaa mle. Tena isingeonesha kitu, maana kivuli cha kitandani hakisimami mahali ambapo lenzi inafika.

Binti mmoja wa kidato cha tatu aliniambia, "Matroni, nilikuwa macho kabisa. Niliona dirisha, nikaona kitanda cha mwenzangu, na yule mtu amesimama. Nikataka kuita, sauti haikutoka." Nikamjibu, "Ndiyo mwanangu, ulikuwa macho." Wazee wetu wanasema amekabwa na jinamizi. Madaktari wanaeleza hivi: tukiwa kwenye usingizi wa ndoto, ubongo unafunga misuli ya mwili ili tusiitende ndoto. Mara nyingine akili inaamka kabla misuli haijafunguliwa. Unaona chumba chako halisi, hujiwezi, kifua kinabana, na ndoto ambayo haijaisha inaongeza mtu ndani ya chumba. Watafiti Sharpless na Barber walikusanya tafiti nyingi mwaka 2011 wakakuta kwamba kati ya watu wa kawaida karibu asilimia 8 wamewahi kupatwa, lakini kwa wanafunzi ni asilimia 28. Kukosa usingizi, hofu, na kulala chali vinaongeza. Nikitazama ratiba ya prepo yetu, yaani masomo ya usiku, na kengele ya saa kumi na moja alfajiri, siwezi kushangaa.

Hata ile hali ya kuhisi kuna mtu nyuma yako ina makao kwenye ubongo. Mwaka 2006 madaktari wa Uswisi, wakimchunguza dada wa miaka 22 mwenye kifafa, waligusa kwa umeme sehemu moja ya upande wa kushoto wa ubongo wake, akahisi kivuli cha mtu nyuma yake kinachoiga mkao wake. Walipoacha, kikaondoka. Na wanaokumbuka Pemba ya mwaka 1995, watu walipolala nje kwa makundi wakimwogopa Popobawa, pepo aliyesemekana kuvamia watu vitandani, wanajua hofu ya usiku inavyoweza kusafiri kutoka kitanda kimoja hadi kisiwa kizima.

Tulichofanya ni kidogo, lakini kimesaidia. Prepo inaisha mapema, nimewafundisha kulala ubavu, na anayekabwa ajaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu badala ya kupigana na mwili mzima. Sala ya usiku hatujaiacha. Anayeanguka mchana, au anayepoteza fahamu na kukakamaa, tunampeleka hospitali siku hiyohiyo.

Kitu cha mwisho nilikiona kwenye video bila kukitafuta: mzee akiingiza jiko la mkaa kibandani na kufunga mlango. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani wala hainuki, na inaua. Kabla haijaua inaweza kuleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, na hata maono. Jarida la madaktari wa macho la Marekani lilichapisha mwaka 1921 taarifa ya daktari Wilmer kuhusu familia iliyosikia hatua na kuona watu wa ajabu ndani ya nyumba yao, mpaka ilipogundulika kuwa tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu na likimwaga hewa hiyo ndani. Mzee nimempa koti zito na blanketi, na jiko sasa linakaa nje chini ya kibaraza. Yule muuzaji wa Kariakoo nimeshamuulizia kengele inayolia hewa hiyo ikizidi. Hela ya kamera ya pili itakwenda huko.