TAHADHARI: Fundi wa "kurudisha ruti" hapa Nakuru mjini, mkae mbali naye

Nimekaa siku tatu nikijiuliza niandike ama ninyamaze, maana aibu ni yangu. Lakini nasikia jana amemla mwingine. Chekeni mkishamaliza kusoma.

Pixel 6 yangu ilikuwa na ruti, yaani ruhusa ya kugusa hadi mfumo wa ndani wa simu, na usiku wa Jumapili sasisho likaingia. Nilikuwa nimeenda sawa mpaka hapo: ndani ya Magisk, programu inayotoa hiyo ruti, nikarudisha faili za asili, sasisho likajisakinisha, simu ikaomba kuzimwa na kuwashwa. Kabla ya kukubali, unatakiwa urudi Magisk uiambie ijiweke upande wa pili wa mfumo, ule ambao simu itaamkia. Mimi nikabonyeza tu. Usingizi. Ikaamka bila ruti, na matangazo yote niliyokuwa nimeyazuia yakarudi kama nzi. Kompyuta ya kurekebishia sina.

Ndiyo nikapanda kwake, ghorofa ya kwanza, si mbali na stendi. Mtaniuliza kwa nini nilimwamini. Alijua maneno! Alisema butiloda, ile programu ya kuwashia simu ambayo lazima ifunguliwe ndipo ruti iingie, akasema faili la buti, lile ambalo mfumo huanzia, akataja Magisk kabla sijaitaja. Mezani ana kompyuta mbili na ile darubini ya kuangalia saketi. Tena ndiye aliyembadilishia dada yangu kioo mwaka jana, na kioo kipo hadi leo. Mtu kama huyo utamshuku vipi?

"Bosi, hii ni kazi ya seva. Elfu tatu na mia tano." Nikatuma kwa M-Pesa palepale, nikampa na patani ya kufungulia simu. Akaingia nyuma ya pazia. Nikangoja dakika kama arubaini nikitafuna njugu. Akachungulia: "Butiloda imejifunga na hilo sasisho, lazima tufungue upya. Vitu vitafutika kidogo." Kidogo! Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa hikihiki.

Akatoka nayo ikiwa tupu kama ya dukani, akafungua programu fulani, tiki ya kijani ikatokea: ruti ipo. Nikamshukuru. Nikamwongezea mia mbili ya chai, sitawaficha. Ndani ya matatu ya Free Area nikaweka Magisk mwenyewe, ikaniambia haijasakinishwa. Nyumbani nikaihamisha ile programu yake kwenye simu ya jirani, simu ambayo haijawahi kuonja ruti tangu izaliwe. Tiki ya kijani.

Na kilichofutika "kidogo" ni daftari la madeni ya maziwa, mwezi mzima. Wateja watatu wameshaniapia kwamba walilipa.

Ashikwe huyu. Nimeandikisha kituoni, nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, ninayo, na wewe uliyeliwa jana nenda ukaandikishe pia ili tuwe wengi. Alipe pesa, alipe maziwa, kisha asimame pale stendi na lile pazia shingoni watu wamtazame vizuri. Mtu ana ujuzi wa kutengeneza kioo kikadumu, halafu anachagua kuiba!

Dalili, ehe. Magisk ni ya bure, haina seva wala nini. Butiloda ikishafunguliwa haijifungi kwa sababu ya sasisho. Lile onyo kwamba butiloda iko wazi lilitokea simu ilipowaka asubuhi ileile, nililiona kwa macho yangu nikiwa kwenye ngazi zake. Kwa hivyo hapakuwa na haja ya kufuta chochote. Kazi ni kuchukua faili la buti la toleo lilelile lililo kwenye simu, ambalo kwa Pixel Google huliweka wazi, Magisk inalitia kiraka, linapakiwa kwa waya, basi. Na ile tiki msikubali ya kwake, tumieni programu yenu. Pazia nalo lingenitosha. Elfu tatu na mia tano! Na chai!

Laini yake haipatikani tangu asubuhi. Anayejua alikohamia aniandikie pembeni. Na wewe wa lita nne za Jumanne, najua unasoma hapa.