Uzoefu wangu wa kusaka familia za jeni kwenye hifadhidata za bure

Kiukweli kama unataka kuchambua familia ya jeni (jeni zinazofanana zenye asili moja) kwenye mahindi, mpunga au mtama na maabara huna, hifadhidata za bure zinatosha kabisa, cha msingi uzijue tabia zake. Mi nilikuwa nasaka WRKY, zile protini zinazowasha na kuzima jeni zingine mmea ukivamiwa na ugonjwa au ukikumbwa na ukame.

Mifuatano ya protini nachukulia Phytozome, hifadhidata ya jenomu (DNA nzima) za mimea. Akaunti ni bure, unachagua mmea wako, na kuna faili limeshachujwa kabisa, kila jeni imeachiwa protini moja tu. Hilo ndo uchukue, maana jeni moja inaweza kutoa protini kadhaa, ukibeba faili zima utajisifu una familia kubwa kumbe ni walewale wamejirudia. Ensembl Plants nayo iko poa, haikudai akaunti, na ukitaka kujua jeni ya mpunga ina ndugu gani kwenye mtama inakuchorea mti wa ukoo.

Sasa kutafuta kwenyewe. Wengi wanakimbilia BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano, wanachukua WRKY moja ya Arabidopsis (kammea kadogo ka utafiti) wanailinganisha na mahindi, basi. Inaleta majibu ila ndugu wa mbali wanaponyoka. Mi naingia InterPro, hifadhidata ya familia za protini (Pfam siku hizi iko humo), napakua modeli ya PF03106, yaani kielelezo cha kipande cha WRKY, halafu naendesha hmmsearch ya programu ya HMMER na kile kipengele cha --cut_ga kinachoweka kiwango cha chini cha kukubali, isije ikaniletea takataka, na laptopu ya kawaida inaimudu vizuri tu. Baada ya hapo ni kazi ya macho, unapanga protini zote pamoja unaangalia kama herufi WRKYGQK (kila herufi ni asidi amino moja) zipo na mbele yake kidogo zile sisteini na histidini zinazoshika zinki. Ukikutana na WRKYGKK usiifute jamani, hata mpunga unazo. Ila domeni (kile kipande cha WRKY) iliyokatika nusu iweke pembeni kwanza, inaweza kuwa jeni iliyokufa au programu ilitabiri mipaka vibaya. Arabidopsis ina WRKY zaidi ya 70, mpunga zaidi ya 100, sasa we ukipata 20 kwenye mahindi rudi ukague faili lako.

Kinachochosha ni majina. Jeni ileile ya mahindi ya B73 (aina inayotumika kama rejea) kwenye makala za zamani jina lake linaanza na GRMZM, toleo la 4 la jenomu ikawa Zm00001d, la 5 ni Zm00001eb, na kuzioanisha si moja kwa moja kwa sababu kuna jeni zimegawanywa na zingine zimeunganishwa. Andika toleo la jenomu siku hiyohiyo unayopakua.

Kuna hifadhidata nyingine ndogo ya zao moja, jina sitaji, ilizimika bila taarifa nikiwa katikati ya kazi, aisee siku hizi kila faili nalihifadhi kwangu. Na kabla hujachapisha soma masharti ya jenomu yenyewe, zingine ziko wazi kuziangalia ila waliozisoma wamejiwekea haki ya kuchapisha kwanza.