Uzoefu wangu na DSAS: kupima ufuo wa Malindi nikiwa Kasarani

Miezi mitatu sasa naitumia DSAS chumbani kwangu Kasarani, Nairobi, mahali ambapo maji mengi ninayoyaona ni ya mtungi. Ni programu ya bure ya kupima ufuo unavyosogea, kutoka USGS, shirika la jiolojia la Marekani. Zamani ilipandishwa juu ya ArcGIS, programu ya ramani ya kulipia, na leseni ile si ya mfuko wa mwanafunzi. Toleo la 6 linajitegemea, ndipo nikathubutu.

Unachora ufuo ulivyokuwa kwenye kila picha ya setilaiti, unaweka mstari wa msingi kando yake, nayo inapiga mistari ya kupimia inayokata yote, kila baada ya mita 50 ukitaka. Kila mstari unakupa mita ulizosogea ufuo na wastani wa kila mwaka. Hapo sina lawama. Tarehe tu ndizo za Kimarekani, mwezi mbele, na nilipoteza jioni nzima kabla sijashtuka.

Malindi nimeichagua kwa sababu Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikawa Galana, Galana ikawa Sabaki, na udongo wote ukamwagwa baharini kaskazini mwa mji. Kwingine bahari inakula ardhi. Pale mchanga unazidi.

Sasa picha zangu mbili za kwanza za setilaiti ya Sentinel-2 zikaonyesha kinyume: ufuo umeliwa mita 60 kwa mwaka mmoja! Nikamrushia mjomba, mvuvi wa huko, kwa WhatsApp. Akauliza tarehe tu, kisha ikaja sauti: "Mwanangu, ya kwanza ni bamvua, saa nne asubuhi maji yamekupwa. Ya pili ni maji mafu, tena yamejaa. Bahari haijala kitu."

Bamvua ni siku maji yanapopwa na kujaa sana; maji mafu ni siku yanapopanda na kushuka kidogo. Programu haijui kupwa wala kujaa. Ina nafasi ya kujaza kosa linalowezekana la kila ufuo uliochora, kwa mita, nami niliipita kama tangazo. Siku hizi nachora pale majani yanapoanzia, si pale maji yalipo, na mabadiliko ya mita mbili tatu siyaamini, maana kijimraba kimoja (pikseli) cha picha za Sentinel-2 ni mita 10, na cha setilaiti za Landsat ni 30.

Ningempa mwenzangu aitumie? Ndiyo, akiwa na subira na mtu wa pwani kwenye simu. Wangu nimemwomba ahesabu hatua kutoka mti fulani wa mvinje hadi alama ya maji ya bamvua. Amekubali, ila vocha nitume mimi.