“Taa na gia wapi na wapi?” Pikapu iliyogoma kutoka P na gereji iliyotaka kuniuzia giaboksi

Nilitaka niandike kwa upole, maana gereji hii si ngeni kwangu. Iko kando ya Barabara ya Morogoro, jina lake nalihifadhi. Huko nyuma daladala iliponikwangua ubavu wa pikapu, wao ndio waliopiga rangi, kazi safi na bei ya kibinadamu. Kwa hiyo mtu akiniuliza habari za rangi, pengine bado nitamwambia aende. Habari za gia ni nyingine kabisa, na zinanichemsha damu hata sasa.

Mimi nasambaza kuku wa nyama. Nawachukua alfajiri kwa wafugaji wa Kibaha na Mlandizi, naingia nao mjini kabla jua halijakasirika, wengine wa soko la Shekilango, wengine wa wateja wangu wa njiani. Anayefanya kazi hii anajua: kuku wa nyama hana uvumilivu wa joto. Gari likitembea anapata upepo, anaishi. Gari likisimama juani na matenga yamejaa, haichukui muda unaanza kuokota mizoga.

Siku hiyo foleni ilikuwa imetushika Maili Moja, kijana wa bodaboda akanigongea kioo. “Mama, taa zako za breki haziwaki.” Nikamshukuru, nikaweka moyoni kwamba nikishusha mzigo tu nimtafute fundi. Kisha nikasimama Kimara, kwenye mteremko, kumshushia mteja matenga yake. Pikapu yangu ni ya otomatiki, kwa hiyo nikaweka liva kwenye P, ile ya kuegesha, nikavuta hendibreki, nikazima gari.

Kurudi, ufunguo ukawasha injini bila shida yoyote. Nikakanyaga breki, nikabonyeza kitufe cha liva ya gia. Kigumu. Nikazima, nikawasha tena, nikakanyaga mpaka goti likauma. Liva imekaa P kama imechomelewa. Nyuma yangu kuku wanahema midomo wazi.

Vijana wa kijiwe cha bodaboda, Mungu awabariki, hawakuniacha. Walisema huenda uzito wa gari umelalia kile kijino cha ndani ya giaboksi kinachofunga gari likiwa P. Jambo hilo lipo kweli, hasa mtu akiegesha mlimani akaiacha P peke yake ibebe gari lote. Wakalisukuma kurudi juu kidogo huku mimi nikijaribu liva. Haikutoka. Basi wakanisaidia kuhamishia matenga kivulini, muuza kuku mwenzangu akaja na Kirikuu yake, kile kigari kidogo cha mizigo, akachukua walio hai. Waliokufa sitaki hata kuwazungumzia.

Nikawapigia gereji, wakatuma brekidauni. Hapo ndipo nilipaswa kupata mashaka, maana yule dereva alinyanyua magurudumu ya mbele akaanza kuvuta hivyo hivyo. Pikapu yangu inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ikiwa P, ya nyuma yamefungwa, hayazunguki! Matairi yakakwaruza lami, harufu ya mpira ikajaa. Nilipiga kelele, vijana wa bodaboda nao wakapiga kelele, ndipo akasimama akageuza, akanyanyua upande wa nyuma. Kosa la dereva mmoja, nikajisemea, gereji nzima isihukumiwe kwa hilo.

Gereji wakachomeka kompyuta yao. Sikuona mtu akiinama chini ya usukani, sikuona mtu akifungua boksi la fyuzi. Baada ya muda msimamizi akaja, kijana ambaye kwa umri ni mdogo wangu wa mwisho, mikono mfukoni. Akasema giaboksi imekufa. Akasema ya mtumba ni milioni tatu na laki nne, ufundi na oili mbali, na kwamba nikichelewa atauziwa mwingine.

Nikamwambia kwa adabu zote: “Kaka, asubuhi nimeambiwa taa za breki haziwaki. Mmeangalia na huko?”

Akacheka. Akawageukia vijana wake ili nao wasikie, kisha akanijibu: “Mama, taa na gia wapi na wapi? Wewe uza kuku, magari tuachie sisi.”

Vijana wakaangua kicheko. Mmoja akarudia “uza kuku” kwa sauti ya kubana pua.

Nimeendesha magari ya mizigo tangu wanangu wako shule ya msingi. Nimewahi kuibiwa spea, nimewahi kuuziwa oili mbovu, yote nimeyameza. Hili limenikaa kooni. Hakunijibu swali. Kama angesema “tumeangalia, taa ni nzima,” ningenyamaza. Aliona ni rahisi zaidi kunidhalilisha mbele ya watu kuliko kumtuma kijana mmoja asimame nyuma ya gari wakati mwingine anakanyaga breki. Kazi ya kupepesa macho!

Sikulipa giaboksi. Yule mwenzangu wa Kirikuu alinipa namba ya fundi umeme wa pale Shaurimoyo, Kariakoo, mtu wa makamo asiye na kompyuta wala bango. Kesho yake akaja na begi dogo. “Shikamoo mama,” akanisalimu, japo hatupishani sana kwa umri, kisha akasema neno moja tu: “Kanyaga breki.” Akazunguka nyuma. Akarudi. “Taa haziwaki. Gia yako nzima, mama.”

Msimamizi akatokea mbio: fundi wa nje haruhusiwi kufanya kazi ndani ya uzio wake, nitoe gari. Nitoeje gari lililofungwa P? Fundi wangu hakubishana naye. Akahakikisha hendibreki imevutwa, akaniambia niweke ufunguo kwenye ON na mguu ubaki kwenye breki. Pembeni ya liva kulikuwa na kifuniko kidogo cha plastiki, siku zote nilidhani ni urembo. Akakibandua kwa ncha ya bisibisi iliyofungwa kitambaa, akaingiza bisibisi ndani ya kile kitundu, akakandamiza, na mkono mwingine akabonyeza kitufe na kuvuta liva. Ikaja N, gia huru, laini. Tukashusha hendibreki, tukalisukuma nje ya geti, na wale vijana wa “uza kuku” wakitazama. Hakucheka mtu.

Chini ya mwembe akanieleza, naye ndiye aliyenifundisha haya ninayoyaandika. Juu ya pedeli ya breki kuna swichi ndogo. Ukikanyaga, swichi ile inapitisha umeme kwenda taa za nyuma, na taarifa hiyo hiyo ya breki ndiyo inayoamuru solenoidi, kisumaku kidogo cha umeme kilicho chini ya liva, ivute pini na kuachia kifuli cha P. Swichi ikifa, taa hazipati habari, na liva haipati habari. Injini inawaka kama kawaida kwa sababu gari langu ni la ufunguo; yale ya kubonyeza kitufe yangeweza kugoma hata kuwaka, kwa kuwa nayo yanadai breki kwanza.

Alipima fyuzi ya taa za breki kwa taa yake ya kupimia, ikawa nzima. Akachomoa swichi: ndani imeungua, vyuma vimekuwa vyeusi. Akaenda kununua nyingine, elfu ishirini na tano. Akaifunga, akanitaka nikanyage tena. Taa zikawaka nyekundu, na chini ya liva nikasikia “ta!” Mlio huo ndio wa kuusikiliza. Alisema kama taa zinawaka lakini “ta” hausikiki, shaka iende kwenye solenoidi au waya zake, au soda iliyomwagikia pale ikagandisha kile kifuli. Kama “ta” unasikika na liva bado ngumu, ndipo uanze kufikiria mambo ya chuma: kitufe cha liva, waya wa gia, au gari lililolalia kijino chake mlimani. Na kama dashibodi yenyewe inafifia, angalia betri kabla ya yote. Giaboksi yenyewe ni ya mwisho kabisa kushukiwa. Ya mwisho!

Akanionya pia nisije nikafanya kile kitundu kuwa mazoea, nikatembea na bisibisi kila siku bila kutengeneza swichi. Gari lisilo na taa za breki kwenye Barabara ya Morogoro, nyuma yako lori la mchanga, dereva wake atajuaje kwamba unasimama?

Baadaye nikasoma zaidi, nikazidi kukasirika. Kifuli hiki si siri ya mafundi wachache. Kimewekwa makusudi ili gari lisitoke P bila mtu kukanyaga breki, kwani watoto wameumizwa na magari yaliyoondoka baada ya liva kuchezewa. Marekani wamekiandika katika sheria: magari madogo na pikapu nyepesi za otomatiki zilizotengenezwa kuanzia Septemba 2010 kwa soko lao lazima ziwe nacho, na kwingine kilikuwa kimeshaenea kwenye magari kabla ya hapo. Yaani breki na gia vimefungwa pamoja kiwandani, kisha mtu mwenye gereji ya otomatiki, mwenye kompyuta, ananiuliza wapi na wapi. Ama hajui kazi, ama anajua na alitaka milioni zangu. Sijui lipi kati ya hayo ni baya zaidi.

Kuhusu pikapu, siku ile Kimara niliapa kuiuza. Sasa siiuzi. Haikuniangusha, ilikuwa inanilinda kwa jinsi ilivyoundwa, na kilichokufa ni kidude cha bei ya kuku wawili watatu.

Kuhusu gereji, nilipoanza kuandika nilisema mtu wa rangi aende. Nafuta. Waliniandikia “gharama za kupima” na maegesho, elfu themanini, nikalipa ili tu waachie funguo zangu za akiba. Kupima nini, ikiwa hawakuona taa iliyozimika? Na fikiria mwingine asiyekuwa na namba ya fundi wa Shaurimoyo, ameshauza kiwanja kununua giaboksi, wanamfungia, wanagundua gari bado limegoma, kisha usiku wanabadili swichi kimyakimya na kumwambia asubuhi, “Umeona? Ilikuwa giaboksi.” Siwezi kumpeleka mtu mahali pa namna hiyo hata kwa kupiga pasi bodi.

Nimewaandikia kwa simu nikitaka mambo mawili: ile elfu themanini, na yule msimamizi aniombe radhi mbele ya vijana wale wale waliocheka. Wamesoma, hawajajibu. Fundi wa Shaurimoyo nimeshampelekea magari ya wenzangu wawili wa soko la kuku, na yote mawili aliyaanzia nyuma, kwenye taa.