Kufunga upya waya za feni za rejeta: fundi umeme wa Kizota, Dodoma

Kama gari lako linachemsha na kila gereji unaambiwa feni iko sawa kwa sababu wanaiona inazunguka, lipeleke Kizota. Yuko fundi umeme wa magari upande wa barabara ya Singida, anafanyia kazi chini ya mwarobaini jirani na wachomelea mageti. Nilimpelekea Carina Ti yangu yenye injini ya 5A, nikamlipa mwenyewe, nimeshaliendesha gari katika joto la Novemba, na namsifu bila kusita.

Mimi nauza mafuta ya alizeti. Nachukua madumu Singida, nashusha Dodoma, kwa hiyo barabara ya Bahi hadi Manyoni naijua vizuri. Ugonjwa wa gari ulikuwa na tabia yake. Likishavuta mwendo pale tambarare, mshale wa temperecha unatulia chini ya nusu. Ukivuka Kintinku ukaanza kupanda kuelekea Manyoni nyuma ya lori lililoelemewa, au ukikwama foleni Sabasaba saa saba mchana, mshale unaanza kupanda. Hiyo peke yake ingetosha kumwambia mtu pa kuangalia, maana gari likiwa kasi upepo wa barabarani wenyewe unapoza rejeta, yaani kile kipozeo cha maji ya injini. Feni inahitajika pale gari linapojikongoja au limesimama.

Lakini gereji niliyokuwa naitumia zamani waliosha rejeta, kisha wakatoa themostati (vali inayofungua njia ya maji injini ikishapata joto) wakaitupa, kisha wakaunga feni dairekti: ukifungua swichi tu feni inaanza, asubuhi ya baridi au mchana wa jua. Gari likaendelea kuchemsha.

Huyu wa Kizota hakugusa spana kwanza. Alichukua mita. Akawasha injini, akapima betri: volti 14. Akapima kwenye soketi ya feni: volti 9. Nikamwambia, "Fundi, mbona inazunguka?" Akanijibu, "Mama, kuzunguka hata upepo unaizungusha. Hii inapata chakula nusu." Akanishikisha waya uliokuwa unaipelekea moto. Ulikuwa mwembamba, wa aina ya redio, umetolewa kwenye fyuzi za ndani ya gari, na ulikuwa umepata joto mpaka ganda lake limelainika. Volti tano zote zilikuwa zinapotelea humo na kwenye ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi. Alipofungua boliti ya ethi tukakuta kutu juu ya rangi. Feni ya pili, ile ya upande wa AC, ilikuwa haifanyi kazi kabisa.

Halafu akachomoa soketi ya swichi ya joto, ile inayohisi joto la maji na kuiamuru feni. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zimetengenezwa kwa namna ambayo swichi hiyo ikichomolewa, au waya wake ukikatika, feni inawaka yenyewe ili injini isiungue. Kwangu haikuwaka kitu, kwa sababu waliounga dairekti walikata mfumo wote na kuziacha nyaya zikining'inia nyuma ya betri zimefungwa tepu. Mimi hili liliniumiza. Waliotengeneza gari waliweka kinga ya makusudi, mtu akaja akaikata kwa kisu ili amalize kazi kabla ya chakula cha mchana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila feni aliipa rilei yake, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Moto aliutoa betri moja kwa moja kwa waya mnene wa milimita 4, na fyuzi ya ampea 30 karibu kabisa na betri, ili waya ukigusa bodi mahali popote fyuzi ndiyo ife. Ethi aliisugua kwa msasa mpaka bati likang'aa, akaipaka grisi, kisha akavuta waya mwingine hadi hasi ya betri. Viungo alivichomelea kwa risasi na kuvivika mpira, hakuvisokota. Swichi ya joto akabadilisha na kuirudisha kazini, hivyo feni zinaamriwa na joto la maji. Ukiwasha AC zinawaka pia bila kusubiri. Rilei alizotumia ni Denso za mtumba kutoka kwenye magari yaliyokatwa. Nilitaka mpya, akanionyesha mpya za bei rahisi alizozipasua, miguu yake ya ndani myembamba. Nikakubali za mtumba.

Themostati akanilazimisha ninunue, ya nyuzi 82. Bila hiyo maji yanapita mbio, injini inachelewa kupata joto lake na mafuta yanakwenda. Mfuniko wa rejeta aliupima kwa pampu yake akakuta haushiki presha. Hapa alinieleza jambo ambalo kila dereva wa Dodoma angepaswa kulijua. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yaliyo wazi huku yanachemka karibu na nyuzi 96, hayafiki 100. Feni za gari kama langu zinaanza kwenye nyuzi 93 hivi. Presha ya mfuniko ndiyo inayochelewesha maji kuchemka; ikivuja unabaki na nyuzi tatu tu kati ya feni kuanza na maji kuchemka. Mfuniko ukiwa mzima na ndani kuna kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini) badala ya maji ya bomba, nafasi inakuwa kubwa. Maji yetu ya visima nayo yana chumvi. Utando mweupe unaouona kwenye birika ndio huohuo unaoziba njia za rejeta.

Alipomaliza aliliacha gari likinguruma juani, AC imezimwa. Mshale ukapanda hadi karibu na nusu, feni zikaingia kwa kishindo, karatasi aliyoishika mbele ya rejeta ikavutwa ikaganda pale. Baada ya muda zikazima zenyewe. Akapima tena kwenye soketi: volti 13 na ushee. Tangu hapo nimepanda Manyoni nyuma ya malori, AC ikiwaka, na mshale haujavuka nusu.

Malalamiko ninayo. Anafanya kazi polepole, gari lililala kwake. Simu hapokei akiwa kazini. Risiti hana, na nilipoomba mchoro wa nyaya alinichorea nyuma ya boksi la fyuzi. Nimeupiga picha na nimeuacha garini kwa ajili ya fundi atakayefuata. Nililipa shilingi 95,000, kazi na vifaa vya umeme, bila themostati, mfuniko na kulanti. Wengine wataunga dairekti kwa 15,000. Kwangu tofauti hiyo ni ndogo ukilinganisha na kupasua hedi, yaani kichwa cha injini, na kubadilisha gasketi yake.

Ukienda, fika asubuhi mapema gari likiwa limepoa, kwa sababu hafungui mfuniko wa rejeta yenye moto hata umbembeleze. Na mwombe akupimie volti mbele yako, kabla na baada.