Jumamosi nne kwa somo wa Mbagala

Binti yangu wa kidato cha tatu amemaliza Jumamosi nne uani kwa somo mmoja, yaani mwanamke anayewafunda mabinti, huku Mbagala, Dar es Salaam. Nililipa shilingi 40,000, chai na vitumbua humo humo. Walikuwa mabinti saba. Siku ya mwisho akina mama tuliitwa tukae nyuma, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho yangu.

Mimi nilifundwa mwaka 1994. Mengi siyaandiki, ya ndani hubaki ndani. Nilitoka nikijua kumpokea mume na kumtuliza akikasirika. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe mzazi akiridhia, na wenzangu wawili waliolewa na umri huo. Hakuna aliyetuambia mume naye anakutulizaje. Nilikaa miaka sita na mwanamume anayenipekua mkoba kila nikitoka sokoni, nikiamini wivu ndiyo mapenzi.

Huyu somo anafundisha kwa kanga. Anatoa doti sandukuni, anaitandaza mkekani, binti mmoja anasoma jina. Siku ile ilitoka nyekundu: "Japo sipati tamaa sikati." Wakacheka. Akawauliza, anayesema hivi ni mtu gani? Wakajibu ni mpenzi mvumilivu, maskini wa Mungu. Akasema: "Haya, umeshamwambia sitaki, mara mbili. Naye kila jioni yuko njiani anakungoja utoke shule. Bado mtamu?"

Kimya. Binti mmoja wa pembeni akashika pindo la ile kanga, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akasema, "Mimi yupo wa bodaboda." Somo hakumfokea, hakumwuliza ulimchekea nini. Alihamia upande wake, akamtajia 116, simu ya watoto isiyo na malipo, halafu akamwita mama yake pale pale. Tulipoondoka wale watatu walikuwa bado wanaongea. Kwa hilo tu, pesa yangu imerudi.

Lakini mambo ya simu ameyapitia juu juu. Mabinti hawa wanatongozwa WhatsApp, wanadaiwa picha, wanadaiwa namba ya siri ya simu kama ushahidi wa mapenzi. Hayo yalitaka Jumamosi nzima, yamepewa nusu saa. Halafu wavulana hapokei, anasema wana jando lao. Mwanangu wa kiume alitahiriwa hospitali asubuhi, mchana yuko nyumbani anakula wali. Nani alimfunda kwamba binti akisema sitaki, ndiyo basi? Nimemwomba somo atafute mzee mmoja washirikiane, na nitamwomba tena.

Fika saa tatu kamili, maana jua likipanda uani hapakaliki. Awamu nyingine ni shule zikifungwa Juni. Binti aende na kanga yake mwenyewe, ataulizwa kwa nini aliichagua.